Mpangilio wa protini katika tando za seli za mimea

Mpangilio wa protini katika tando za seli za mimea ni jinsi protini zinavyokaa, zinavyoungana na zinavyogawanywa katika tando nyembamba zinazozunguka seli ya mmea na sehemu zake za ndani. Protini hizo hazikutawanyika ovyo. Baadhi hukaa upande mmoja tu wa seli, baadhi hukusanyika katika vijieneo vidogo sana, na nyingine hufungamana hadi kuwa mtambo mmoja wenye sehemu nyingi.

Mahali protini ilipo ni sehemu ya kazi yake. Protini inayotoa homoni nje ya seli ikiwekwa chini ya seli, homoni huelekea mizizini. Ikiwekwa juu, homoni huelekea upande mwingine. Kwa sababu hiyo mpangilio huu unahusika na namna mmea unavyokua, unavyonyonya maji na madini, unavyotumia mwanga wa jua na unavyojikinga na maradhi. Matatizo kadhaa ya kilimo, kama vile chumvi shambani, udongo wenye tindikali na baadhi ya magonjwa ya mpunga na muhogo, yanaeleweka vizuri zaidi kwa kuchunguza protini za tando.

## Utando wa seli

Utando wa seli umeundwa hasa na lipidi na protini. Lipidi zake zina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakwepa. Zikiwa majini hujipanga zenyewe katika tabaka mbili, mikia ikielekeana ndani na vichwa vikitazama nje. Utando mzima una unene wa nanomita 5 hadi 10 tu, na sehemu yake ya katikati, yenye mafuta, ina takriban nanomita 3. Sehemu hiyo ya mafuta huzuia ioni, sukari na molekuli nyingine nyingi zisipite. Zinapopita, hupita kwa msaada wa protini.

Seli ya mmea ina tando za aina nyingi, na kila mmoja una protini zake:

* utando wa nje, unaotenganisha seli na mazingira yake, ulio chini ya ukuta wa seli;
* tonoplasti, yaani utando unaozunguka vakuoli, kifuko kikubwa cha maji kinachoweza kujaza sehemu kubwa ya seli iliyokomaa;
* tando za retikulamu ya endoplazimu na za Golgi, zinakotengenezwa na kupangwa protini nyingi;
* tando mbili za mitokondria;
* tando mbili zinazofunika kloroplasti, pamoja na thilakoidi zilizo ndani yake.

Lipidi za mimea hutofautiana na zile za wanyama. Badala ya kolesteroli nyingi, utando wa nje wa mmea una steroli kama sitosteroli, stigmasteroli na kampesteroli. Thilakoidi nazo zimeundwa zaidi kwa lipidi zenye sukari ya galaktosi, ambazo hazina fosfati. Huo ni uangalifu mkubwa wa matumizi, kwa kuwa fosfati huwa haba katika udongo mwingi.

## Historia ya uchunguzi

Mwaka 1925 Evert Gorter na François Grendel, wa Uholanzi, walipima lipidi za chembe nyekundu za damu na kueleza kwamba zinatosha kuizunguka chembe kwa tabaka mbili. Mwaka 1972 S. Jonathan Singer na Garth Nicolson, wa Marekani, walitoa kielelezo kilichokuja kujulikana sana: utando ni kama kimiminiko chembamba ambamo protini zinaelea na kusogea pembeni. Kielelezo hicho kilieleza mambo mengi, lakini kilifanya baadhi ya watu waone utando kama bahari isiyo na mipaka.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha mipaka mingi. Mwaka 1980 Susette Mueller na R. Malcolm Brown waliona katika seli za mahindi maumbo kama waridi yenye sehemu sita, yaliyo kwenye ncha za nyuzi za selulosi. Mwaka huohuo Bertil Andersson na Jan Anderson walionyesha kwamba mitambo miwili ya usanisinuru haikuchanganyika ndani ya thilakoidi, bali kila mmoja una eneo lake. Mwaka 1997 Kai Simons na Elina Ikonen walieleza wazo la vijieneo vya lipidi vinavyobeba protini maalumu katika tando. Wazo hilo lilitokana na seli za wanyama, na baadaye lilichochea utafiti mwingi kwenye mimea.

Mwaka 2000 jenomu ya *Arabidopsis thaliana*, mmea mdogo wa jamii ya kabichi unaotumiwa sana maabarani, ilikamilika kusomwa. Ilionekana kwamba takriban robo ya jeni zake zinatengeneza protini za tando.

## Namna protini zinavyoshikamana na utando

Kuna njia kuu tatu.

Protini zinazovuka utando. Sehemu ya protini inayopita katikati ya mafuta kwa kawaida hujisokota kama springi. Takriban asidi amino 20 zinazokwepa maji zinatosha kuvuka utando mara moja. Protini nyingi za kupokea habari huvuka mara moja tu. Protini za kupitisha maji huvuka mara 6. Pampu ya protoni ya utando wa nje huvuka mara 10. Katika utando wa nje wa kloroplasti na wa mitokondria zipo pia protini zenye umbo la pipa.

Protini zilizotiwa nanga ya lipidi. Hizi hazivuki utando, bali zimebandikwa mkia wa mafuta unaozama ndani yake. Nanga inaweza kuwa upande wa ndani, kama kwenye protini ndogo za ROP zinazoongoza ukuaji wa ncha za vinyweleo vya mizizi na za mirija ya chavua. Inaweza pia kuwa upande wa nje, kama kwenye protini nyingi zinazogusana na ukuta wa seli.

Protini zinazoegemea utando. Hizi hushika vichwa vya lipidi au protini nyingine, na zinaweza kuachia na kurudi kadiri hali ya seli inavyobadilika.

Upande ambao kila sehemu ya protini itatazama haubahatishwi. Kwa kawaida sehemu zenye asidi amino nyingi za chaji chanya hubaki upande wa ndani wa seli. Kanuni hiyo iliyoelezwa na Gunnar von Heijne wa Sweden husaidia kutabiri umbo la protini kwa kusoma jeni yake tu.

## Safari ya protini hadi mahali pake

Protini nyingi za utando wa nje na za tonoplasti hutengenezwa na ribosomu zilizoegemea retikulamu ya endoplazimu. Huingizwa katika utando zikiwa bado zinaundwa, kisha husafiri katika vijifuko hadi Golgi na kutoka hapo hadi mwisho wa safari. Kila kijifuko hubeba alama zinazokifanya kiungane na utando unaostahili.

Wakati mwingine protini moja huhitaji kusindikizwa na nyingine. Katika mahindi, baadhi ya protini za kupitisha maji za kundi la PIP1 hubaki kwenye retikulamu zikiwa peke yake. Zikiungana na wenzao wa kundi la PIP2 hufika kwenye utando wa nje.

Protini za kloroplasti zina njia tofauti. Nyingi hutokana na jeni za kiini cha seli, hutengenezwa nje ya kloroplasti, kisha hupenyezwa kupitia milango iliyo katika tando zake mbili. Chache hutokana na jeni za kloroplasti yenyewe. Hivyo mtambo mmoja wa usanisinuru huunganishwa kwa vipande kutoka jenomu mbili.

## Mambo yanayoziweka protini mahali pake

Protini ikishafika kwenye utando ingeweza kusambaa pande zote. Katika seli za mimea mambo manne hasa huzuia hali hiyo.

1. Ukuta wa seli. Maji yaliyo ndani huusukuma utando dhidi ya ukuta kwa nguvu ambayo mara nyingi huzidi ile ya upepo ndani ya tairi la gari. Protini zenye sehemu ndefu upande wa nje hunaswa na nyuzi za ukuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ukuta unapunguza sana mwendo wa protini za utando wa nje.
2. Kiunzi cha seli. Chini ya utando kuna mirija midogo ya protini na nyuzi za aktini, ambazo hufanya kazi kama reli au kama uzio.
3. Lipidi. Steroli na lipidi zenye mikia mirefu hujikusanya, na baadhi ya protini hupendelea maeneo hayo.
4. Kurudishwa na kuwekwa upya. Sehemu za utando huvutwa ndani kama vijifuko vyenye ganda la klathrini. Protini zilizomo zinaweza kurejeshwa kwenye utando au kupelekwa kwenye vakuoli na kuvunjwa. Kwa njia hiyo seli hurekebisha mpangilio wake mara kwa mara.

## Protini zinazofanya kazi kwa vikundi

### Pampu ya protoni

Pampu ya protoni ya utando wa nje hutumia ATP kutoa ioni za haidrojeni nje ya seli. Matokeo yake ni kwamba nje huwa na tindikali kiasi (pH ya takriban 5.5), ndani hubaki karibu na pH 7.2 au zaidi kidogo, na upande wa ndani wa utando huwa na chaji hasi ya zaidi ya milivolti 100. Tofauti hiyo ni kama maji yaliyozuiwa na bwawa: protini nyingine huitumia kuingiza nitrati, potasiamu na sukari au kutoa sodiamu.

Mkia wa pampu hiyo hufanya kazi kama breki. Ukibandikwa fosfati mahali panapofaa, protini ziitwazo 14-3-3 huushika, breki huachia na pampu sita zinaweza kukaa pamoja katika duara. Kuvu *Fusicoccum amygdali*, anayeshambulia milozi na mipichi, hutoa sumu inayoufungia muungano huo katika hali ya kufanya kazi. Stomata hubaki wazi na majani hunyauka.

### Protini za kupitisha maji

Akwaporini ni mifereji ya maji. Ugunduzi wake katika seli za damu ulimpatia Peter Agre Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003, pamoja na Roderick MacKinnon aliyechunguza mifereji ya ioni. Akwaporini ya kwanza ya mmea ilithibitishwa mwaka 1993, katika tonoplasti ya *Arabidopsis*. Mmea huo una akwaporini 35, nyingi kuliko za binadamu, ambaye ana 13.

Akwaporini hukaa nne nne, lakini kila moja ina tundu lake. Tundu linaweza kufungwa. Shamba likijaa maji, mizizi hukosa oksijeni na ndani ya seli zake huongezeka tindikali. Badiliko hilo hugusa asidi amino moja ya histidini katika akwaporini za utando wa nje, na mifereji hufunga. Hii ni sababu mojawapo ya mmea kunyauka ilhali mizizi yake imezama ndani ya maji.

### Mtambo wa selulosi

Selulosi hutengenezwa kwenye utando wa nje. Maumbo ya waridi yaliyoonekana mwaka 1980 ni mitambo yenye sehemu sita, na ushahidi wa karibuni unaelekeza kwamba kila sehemu ina vimeng'enya vitatu, jumla 18. Kila kimeng'enya husokota mnyororo mmoja wa glukosi, na minyororo hiyo hushikamana kuwa uzi.

Mwaka 2006 Alexander Paredez, Christopher Somerville na David Ehrhardt waliipaka mitambo hiyo rangi ya kung'aa na kuitazama ikisogea ndani ya utando wa seli hai, ikifuata mirija midogo iliyo chini yake. Mwendo ulikuwa takriban nanomita 330 kwa dakika. Mwelekeo wa mirija ndio huamua mwelekeo wa nyuzi, na mwelekeo wa nyuzi huamua seli itanenepa au itarefuka.

## Vijieneo vya utando

Mbali na mitambo iliyofungamana, utando una vijieneo vyenye upana wa makumi ya nanomita hadi mamia kadhaa, ambamo protini fulani hukusanyika. Protini zinazojulikana zaidi kwa tabia hiyo ni remorini, zinazopatikana kwa mimea tu. Katika viazi na jamaa zake, remorini hukusanyika upande wa ndani wa utando wa nje, na zikiwa nyingi huzuia virusi X vya viazi visienee haraka kutoka seli hadi seli. Katika mimea ya jamii ya kunde, remorini moja hushiriki kupokea bakteria wanaotengeneza mbolea ya nitrojeni kwenye vinundu vya mizizi.

Vijieneo huwezesha seli kutenganisha habari. FLS2 ni kipokezi kinachotambua kipande cha mkia wa bakteria. BRI1 ni kipokezi cha homoni ya ukuaji. Vyote viwili hutumia baadhi ya wasaidizi walewale ndani ya seli, lakini ujumbe wao ni tofauti kabisa: mmoja ni wa kujilinda, mwingine ni wa kukua. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba vipokezi hivyo hukaa katika vijieneo tofauti vya utando uleule.

Mfano mwingine upo katika seli linzi za stomata. Wakati wa ukame homoni ya asidi absisiki husababisha mfereji uitwao SLAC1 kufunguka na kutoa ioni hasi. Potasiamu hufuata, maji nayo hutoka, na tundu hufunga. Mfereji huo na kimeng'enya kinachouwasha hukutana katika vijieneo vya utando.

## Protini za upande mmoja wa seli

### PIN na homoni ya auksini

Auksini ni homoni inayoongoza urefukaji, mizizi na maua. Mwaka 1974 Philip Rubery na Rupert Sheldrake walieleza kwamba nje ya seli, penye tindikali, sehemu ya auksini haina chaji na inaweza kupenya utando. Ikishaingia hupoteza protoni, hupata chaji na kunaswa. Ili itoke inahitaji protini. Ikiwa protini hizo zipo upande mmoja tu, auksini itasafiri kuelekea huko. John Raven alifikia hoja kama hiyo mwaka 1975.

Mwaka 1998 protini hizo zilitambuliwa na kuitwa PIN, kwa kuwa mmea wa *Arabidopsis* unaokosa PIN1 hutoa shina tupu lisilo na maua, mfano wa pini. PIN1 hukaa chini ya seli za shina. PIN3 hukaa katika seli za ncha ya mzizi zinazohisi uvutano: mzizi ukilazwa, ndani ya dakika chache PIN3 huongezeka upande wa chini wa seli hizo. Auksini hukusanyika upande wa chini wa mzizi, huzuia urefukaji huko, na mzizi hupinda kuelekea chini.

### Silikoni katika mpunga

Mpunga unaweza kukusanya silikoni hadi kufikia asilimia 10 ya uzito mkavu wa majani na mashina yake. Silikoni huimarisha majani na kupunguza madhara ya wadudu na kuvu. Kikundi cha Jian Feng Ma nchini Japani kiligundua protini mbili zinazofanya kazi hiyo: Lsi1 mwaka 2006 na Lsi2 mwaka 2007. Zote hukaa katika seli zilezile za mzizi, lakini Lsi1 hukaa upande unaoelekea udongo na huingiza silikoni, ilhali Lsi2 hukaa upande unaoelekea katikati ya mzizi na huitoa. Kwa mpangilio huo silikoni husafiri upande mmoja.

Njia hiyo ina hatari yake. Aseniki ya mashamba yaliyofurika maji hufanana na silikoni kwa umbo, hivyo hupita katika protini hizohizo hadi kwenye nafaka. Hilo lilionyeshwa mwaka 2008, na linagusa afya ya watu katika maeneo ya Asia ambako maji ya kumwagilia yana aseniki.

### Mkanda wa Caspary

Robert Caspary, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, alieleza katika karne ya 19 juu ya mkanda unaoziba nafasi kati ya seli za endodermi ya mzizi. Mwaka 2011 watafiti waliokuwa Lausanne, Uswisi, walieleza protini tano ziitwazo CASP. Hizo kwanza husambaa katika utando wote, kisha hujikusanya katika mkanda mwembamba usiosogea katikati ya seli. Hapo huita vimeng'enya vinavyojenga lignini ukutani. Mkanda ukikamilika, maji na madini hayawezi tena kupenya kati ya seli. Lazima yapite kwenye utando, ambako protini zinachagua kinachoingia.

## Mpangilio ndani ya thilakoidi

Katika kloroplasti thilakoidi zimepangwa kwa namna mbili: grana, ambazo ni rundo la visahani vilivyobanana, na tando nyembamba zinazounganisha marundo hayo. Fotosistemu II hukaa zaidi ndani ya grana. Fotosistemu I na kimeng'enya kinachotengeneza ATP hukaa sehemu zisizobanana, kwa kuwa vina sehemu kubwa zinazochomoza na haviwezi kuingia kati ya visahani.

Grana zina msongamano mkubwa: protini huchukua takriban asilimia 70 hadi 80 ya eneo la utando. Hata hivyo mpangilio wake hubadilika kulingana na mwanga. Mwanga ukiipendelea fotosistemu II kupita kiasi, kimeng'enya STN7 hubandika fosfati kwenye baadhi ya protini zinazokusanya mwanga. Sehemu yake huachana na fotosistemu II na kuhudumia fotosistemu I.

Kutenganishwa huko husaidia pia ukarabati. Protini D1 ya fotosistemu II huharibiwa na mwanga mara kwa mara. Mtambo ulioharibika hutoka ndani ya grana hadi pembezoni, D1 ya zamani hung'olewa, mpya hutengenezwa na kuwekwa, kisha mtambo hurudi kazini.

## Umuhimu katika kilimo

Magonjwa ya mpunga na muhogo. Protini za SWEET, zilizoelezwa mwaka 2010, hupitisha sukari nje ya seli. Bakteria *Xanthomonas oryzae* anayekausha majani ya mpunga huingiza ndani ya seli protini inayowasha jeni za SWEET. Seli huweka milango ya sukari kwenye utando wake mahali isipohitajika, na bakteria hula. Jamaa yake anayeshambulia muhogo hutumia hila hiyohiyo. Mwaka 2019 mlipuko wa ugonjwa wa mpunga ulionekana mkoani Morogoro, Tanzania, ukisababishwa na bakteria wenye tabia za aina za Asia. Mwaka 2023 watafiti walichapisha taarifa za mpunga wa aina ya Komboka, unaolimwa Afrika Mashariki, uliohaririwa mahali ambapo protini za bakteria hushika jeni hizo. Mpunga huo ulistahimili aina za bakteria za Asia na za Afrika zilizojaribiwa.

Udongo wenye tindikali. Takriban asilimia 30 ya ardhi isiyofunikwa na barafu duniani ina udongo wa tindikali, ukiwemo wa maeneo ya magharibi mwa Kenya. Katika udongo huo alumini huyeyuka na kudumaza mizizi. Aina za mtama zinazovumilia zina protini SbMATE katika ncha za mizizi, iliyotambuliwa mwaka 2007. Protini hiyo hutoa sitrati, ambayo huifunga alumini kabla haijaingia.

Chumvi. Protini SOS1 ya utando wa nje hutoa sodiamu kwa kutumia nguvu iliyotengenezwa na pampu ya protoni. Protini za NHX huisaidia kwa kuifungia sodiamu ndani ya vakuoli.

Dawa za kuua magugu. Atrazini huua magugu kwa kukaa katika nafasi ya protini D1 inayopokea elektroni. Katika mchicha wa aina ya *Amaranthus hybridus* ulioishinda dawa hiyo, wanasayansi walieleza mwaka 1983 kwamba asidi amino moja tu, ile ya 264, ilikuwa imebadilika kutoka serini kuwa glisini.

## Mbinu za uchunguzi

Protini za tando ni ngumu kuchunguza kwa sababu zikitolewa kwenye mafuta yake huharibika kwa urahisi. Mbinu zinazotumika zaidi ni hizi:

* *Kugandisha na kupasua*: seli hugandishwa ghafla na kuvunjwa, utando hupasuka kati ya tabaka zake mbili, na protini huonekana kama chembe kwa hadubini ya elektroni.
* *Protini za kung'aa*: jeni ya protini inayong'aa kijani, iliyotoka kwa kiwavuwavu wa baharini, huunganishwa na jeni inayochunguzwa. Kazi hiyo iliwapatia Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien Tuzo ya Nobel mwaka 2008.
* *Kufifisha na kusubiri*: sehemu ya utando huchomwa kwa leza hadi ising'ae. Mng'ao ukirudi haraka, protini zinatembea, usiporudi, zimeshikwa.
* *Hadubini zenye uwezo wa kuona chini ya kikomo cha mwanga*: hizi huonyesha vijieneo ambavyo hadubini za kawaida huviona kama doa moja.
* *Hadubini ya elektroni ya baridi kali*: huonyesha umbo la protini hadi kiwango cha atomi. Maumbo ya protini za PIN yalipatikana kwa njia hii mwaka 2022.

Kwa kawaida mbinu zaidi ya moja hutumiwa pamoja, kwa kuwa kuunganisha protini na rangi, au kuitoa kwenye ukuta wake, kunaweza kubadilisha mpangilio unaotafutwa.

## Tazama pia

* Seli
* Ukuta wa seli
* Kloroplasti
* Usanisinuru
* Homoni za mimea
* Mpunga